Msimfutie mtoto kosa kabla hajaliona

Julai iliyopita, shule zilipofunguliwa, nilikusanya insha za likizo za Kidato cha Pili. Swali lilikuwa jepesi: eleza kazi uliyoifanya nyumbani wakati wa likizo. Shule yetu ni ya kata, ipo wilayani Muheza, na Juni huku kwetu ni msimu wa machungwa. Karibu kila mtoto huenda shambani na wazazi wake.

Katika rundo lile kulikuwa na insha ya binti mmoja anayekaa dawati la tatu kutoka mlangoni. Kurasa mbili, mwandiko safi, Kiingereza kisicho na doa. Kilimo, insha ilisema, kina “pivotal role” katika uchumi wa familia. Nilisoma hadi mwisho sikuona kosa hata moja. Sikuona chungwa hata moja pia.

Nilimwita wakati wa mapumziko, nikamwonyesha lile neno “pivotal”, nikamwuliza maana yake.

“Sijui, Madam.”

Hakunidanganya wala hakujitetea. Kaka yake anaendesha bodaboda na ana simu janja. Swali walilipiga picha, simu ikaandika, yeye akakaa jioni nzima akinakili kwa kalamu. Sikumwadhibu. Nilimwambia avute kiti, anisimulie kwa Kiswahili alichofanya mwezi wa sita. Akasimulia vizuri hasa: mama yake akiangua machungwa kwa upembo, wadogo zake wakiokota, yeye akijaza matenga, halafu mnunuzi anakuja na lori, anahesabu huku akitupa pembeni kila chungwa lenye doa, na mama anayaokota yale yaliyotupwa kuyapeleka kuuza barabarani. Hadithi nzima ilikuwa kichwani mwake, na hakuna hata sehemu moja iliyokuwa imeingia kwenye zile kurasa mbili.

“Basi andika hayohayo,” nikamwambia. “Kwa Kiingereza chako. Hapahapa.”

Baada ya nusu saa alinipa aya moja. Sentensi ya kwanza ilisema: “My mother she is cultivate oranges.”

Karatasi ile nimeihifadhi mpaka leo. Katika kazi mbili za mtoto huyu, hii yenye makosa ndiyo ninayoweza kuifundishia. Ile nyingine sikuwa na la kuifanyia zaidi ya kuipa alama ambazo hazikuwa zake.

Naomba msomaji tuitazame sentensi hiyo taratibu, kwa sababu wengi wakiiona husema mtoto hajui kitu. Anajua sana. Kwa Kiswahili alikuwa akisema “mama yangu analima machungwa”. Amelichukua neno “analima” akalikata vipande, kama tulivyomfundisha kwenye sarufi ya Kiswahili tangu shule ya msingi. A- ni nafsi, akaweka “she”. -Na- ni wakati uliopo, akaweka “is”. -Lima ni tendo lenyewe, akaweka “cultivate”. Kila kipande kimepata mwenzake. Hapo hakuna kubahatisha. Hiyo ni hesabu.

Na hesabu hiyo ina mpangilio kuliko tunavyodhani. Mwambie aandike “atalima”, atakuandikia “she will cultivate”, kwa kuwa -ta- kwake ni “will”, na hapo kitenzi kimekaa sawasawa. Mwambie aandike “alilima”, utapata “she was cultivate”, kwa kuwa -li- kwake ni “was”. Yaani mtoto yuleyule, kwa kanuni ileile moja, anapata wakati ujao na kukosa wakati uliopo na uliopita. Kalamu nyekundu inampiga leo, kesho inamwacha, naye hana njia ya kujua kwa nini. Nimewaona watoto wengi wakiishia kuamini kwamba Kiingereza hakina kanuni, kwamba ni jambo la bahati au la watoto wa mjini. Imani hiyo ikishaingia ni kazi ngumu kuing'oa.

Sasa tuipeleke sentensi ileile kwenye simu. Niliiandika mwenyewe jioni ile nikaiomba programu ya akili mnemba inisahihishie. Ikanirudishia: “My mother grows oranges.” Ni sahihi, na hata “cultivate” imebadilishwa kwa neno linalokubaliana zaidi na machungwa. Karani mwenye haraka ya kutuma barua angeshukuru. Lakini kwa binti wa Kidato cha Pili, “she” imeondoka bila maelezo, “is” imeondoka, herufi s imechomoza mwishoni mwa kitenzi, na hakuna aliyemwambia lolote. Kesho ataandika “My father he is sell oranges”, na simu itamfutia tena. Anaweza kufutiwa hivyo miaka minne, akafika Kidato cha Nne na -na- yake ikiwa bado ni “is”.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Vifaa tulivyo navyo mikononi vinafuta kosa kabla mtoto hajaliona. Mimi nataka kifaa kilekile kitumike kulikuza kosa, kilisimamishe mbele ya darasa, mtoto alitazame mpaka alielewe, kisha alirekebishe kwa mkono wake. Sina ugomvi na teknolojia. Naitumia kila wiki, na nitaeleza ninavyoitumia. Ninachokipinga ni kumwondoa mtoto katikati, ikawa mashine inazungumza na mwalimu naye mtoto ni tarishi tu.

Wenye kutaka kuninyamazisha huniambia nisahihishe kwa mkono kama zamani. Nina mikondo mitatu, na kila mkondo una wanafunzi wasiopungua 80. Insha moja nikiipa dakika nne tu, madaftari 240 ni dakika 960, yaani saa 16 za kuinama mezani kwa insha moja. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Nilichokiona ni kwamba mtoto akirudishiwa daftari hutafuta alama, akiiona hufunga daftari. Zile dakika nne zangu hazisomi.

Jambo hili wataalamu wamelibishania sana. Mwaka 1996 John Truscott, aliyekuwa akifundisha Taiwan, aliandika makala iliyotikisa walimu wa Kiingereza duniani: kusahihisha sarufi kwenye insha za wanaojifunza lugha hakuwafaidii, kuachwe. Miaka mitatu baadaye, Dana Ferris wa Marekani akamjibu kwamba amekwenda mbali mno, kwamba masahihisho yanayochagua makosa machache, yanayopangwa na kuelezwa wazi, yana faida. Mimi nikiwa na madaftari yangu ya Muheza naona kila mmoja ameshika upande wa kweli. Kosa nililolisahihisha mimi halimfundishi mtoto. Kosa nililomwonyesha, akahangaika nalo na kulitengeneza mwenyewe, hilo hukaa.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vigawiwe walimu. Mimi ni mmoja wa waliopata. Kwa muda kilikaa kabatini, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwa undani cha kufanya nacho zaidi ya kuandalia masomo. Leo ndicho chombo changu cha kwanza cha kufundishia sarufi, na sihitaji intaneti.

Ninafanya hivi. Insha zote nazisoma haraka, bila kalamu, nikitafuta kosa moja linalojirudia. Nikilipata, nachagua sentensi tano au sita za watoto tofauti, nazipiga picha kwa kishikwambi nikikinga jina kwa kipande cha karatasi. Ijumaa naazima projekta ya shule, ipo moja tu, tunatundika shuka jeupe ukutani na kufunga madirisha. Sentensi inatokea kubwa, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, na wino wake uliovuja.

Siku niliyoiweka ukutani “My mother she is cultivate oranges” niliuliza swali moja tu: katika sentensi hii, mama ametajwa mara ngapi? Kimya. Kisha kijana mmoja nyuma akasema, “Mara mbili, Madam. My mother, halafu she.” Na kwa Kiswahili? Wakaanza kuhesabu kwa vidole. Mama yangu, moja. A- ya analima, mbili. Kwa hiyo Kiswahili kinamtaja mara mbili, na ni sawa. Kiingereza je? Niliwaonyesha mstari mmoja wa kitabu chao cha kiada, ambacho Taasisi ya Elimu Tanzania imekiweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni na mimi nilikwisha kukipakua. Wakaona wenyewe kwamba ukishamtaja mtu kwa jina, ile “she” hukaa pembeni. Sikuwaambia kanuni. Waliichomoa ukutani.

Kipindi kizima, dakika 40, kiliishia kwenye a- na -na-. Kuna mwenzangu aliyeniambia nimepoteza muda, mada za muhtasari ni nyingi. Namheshimu, lakini wiki iliyofuata nilipowaambia waandike kuhusu baba zao, nilimwona yule binti akiandika “My father he”, akasimama, akakata “he” kwa mstari mmoja, akaendelea. Mkono wake mwenyewe. Mstari ule mmoja kwangu ulikuwa na thamani kuliko zile kurasa mbili za Julai.

Tangu hapo tumefanya mengine. Tulifanya -me-, ambayo ni tabu yake peke yake, kwa kuwa “amekuja” ni tendo lililokwisha, ila “amelala” ni hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Mtoto anaandika “the baby has sleep” na “the oranges they have ripe”, na haitoshi kumwambia ongeza hiki, toa kile; inabidi aone kwamba Kiswahili kimevibeba vitu viwili kwenye gunia moja na Kiingereza kimevitenga. Tulifanya “a” na “the” kwa kutumia neno “lile”: gunia, kisha lile gunia. Tulifanya “he” na “she”, ambazo kwetu zote ni yeye. Kila moja ilitaka Ijumaa yake, na nyingine zimetaka mbili.

Ukiniuliza kwa nini programu za kusahihisha haziwezi kuifanya kazi hii, jibu ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka andiko lake litoke safi. Programu ya Grammarly ilianzishwa mwaka 2009 na vijana watatu wa Ukraine, nayo inaona sentensi ya Kiingereza iliyopinda na kuinyoosha. Haikutengenezwa kumwona mtoto wa Muheza akitembea kutoka “analima” kwenda “is cultivate”. Njia hiyo aliyopita ndiyo somo lenyewe. Mwalimu anayejua Kiswahili anaiona. Mashine inamwona mtoto akiwa ameshafika mahali pabaya.

Lakini si kila mashine ni ya namna moja. Ule mstari mwekundu unaotokea chini ya neno katika Microsoft Word, ulioanza mwaka 1995, na ule wa sarufi ulioufuata mwaka 1997, wakati huo ukiwa wa kijani, mimi naipenda kufundishia. Shuleni tuna kompyuta sita, na nikiwapeleka watoto kwa zamu huwa nazima kwanza ile sehemu inayobadilisha maneno yenyewe, nabakiza mstari tu. Mstari unamwambia mtoto hapa pana jambo, kisha unamwachia. Anageuka kwa jirani yake, wanabishana, anafungua kamusi. Simu inayobadilisha neno kimyakimya haimpi nafasi hiyo, na tena inamharibia. Mtoto mmoja aliniletea insha ya chakula cha nyumbani ambamo “ugali” umekuwa “ugly” mara nne, naye alidhani ndivyo ugali unavyoitwa kwa Kiingereza, kwa kuwa simu imesema. Ndiyo maana somo la kwanza ninalolitoa kwenye kompyuta ni kwamba mstari chini ya jina la bibi yako, la kijiji chako au la chakula chako si kosa lako. Mashine haijawajua hao.

Kuna kazi nyingine ya simu ambayo walimu wengi hawaijui, na ni ya bure. Simu janja karibu zote zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Mtoto akiandika aya yake kwenye kishikwambi, nakiambia kiisome, yeye akifumba macho. Sauti inasoma kilichoandikwa, haihurumii. Neno lililorukwa linasikika limerukwa. Sentensi ya mistari sita isiyo na nukta inasikika inakimbia bila pumzi. Watoto wanaoshindwa kuona kosa kwenye karatasi hulisikia, wakasema “ngoja, Madam, rudisha pale”. Neno “rudisha” likitoka kinywani mwa mtoto, najua kazi inafanyika.

Wenzetu walikwisha kuitumia sauti kufundishia Kiingereza kabla ya kompyuta kufika shuleni. BBC ilianza kutangaza masomo ya Kiingereza redioni mwaka 1943. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilijaribu vipindi vya redio vya Kiingereza kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wa vijijini, na utaratibu wake ulikuwa huu: redio inauliza, kisha inanyamaza ili darasa zima lijibu, ndipo inaendelea. Kunyamaza kule ndiko ninakokutafuta kwenye simu za leo. Redio ya betri ilijua kumsubiri mtoto. Programu ya mwaka huu, yenye nguvu kuliko kompyuta zote za wakati ule, inamjibia kabla hajafungua mdomo.

Inaweza kufundishwa kusubiri, hata hivyo. ChatGPT ilipotolewa Novemba 30, 2022, nilikuwa miongoni mwa walimu waliosema insha imekufa. Siku hizi sisemi hivyo. Nimejaribu kuiandikia kwa Kiswahili: huyu ni mwanafunzi wa Kidato cha Pili, lugha yake ni Kiswahili, usimwandikie wala usimsahihishie, mwonyeshe mahali pamoja tu penye tatizo, umwulize swali kwa Kiswahili, usubiri. Inafanya. Ilimwuliza mtoto wangu mmoja kama tendo lile lilikuwa linaendelea au lilikuwa la kila siku, naye alikaa akafikiri. Kuna siku inaeleza vizuri, na kuna siku inakosea Kiswahili chenyewe, inavunja neno mahali pasipovunjika. Kwa hiyo siiachi peke yake na mtoto. Nakaa pembeni, kama mtu anayemsimamia fundi mgeni kwenye nyumba yake.

Baba mmoja aliniuliza kwenye kikao cha wazazi: “Mwalimu, kama mashine inaandika vizuri, kwa nini mnawatesa watoto na sarufi?” Ni swali la haki na nililijibu kwa heshima. Kwanza, kwenye chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne hakuna simu. Kuna karatasi, kalamu na msimamizi. Lakini hata mitihani ikiisha, iko sababu kubwa zaidi. Binti mmoja niliyemfundisha miaka kadhaa nyuma aliomba kazi kwenye hoteli moja ya pwani. Barua aliandikiwa na simu. Ilikuwa nzuri, nayo ilisema ana “extensive experience” katika kuhudumia wageni. Hakuwa na uzoefu wowote. Alikuwa ametoka shule miezi mitatu tu kabla ya hapo. Hakuelewa kwamba ndivyo barua ilivyosema. Kwenye usaili akaulizwa uzoefu huo aliupata wapi, akabaki mdomo wazi, na waliokuwa mezani wakamwona mwongo. Alikuja kunisimulia huku analia. Binti yule si mwongo. Aliweka sahihi yake chini ya maneno asiyoweza kuyasoma.

Asiyejua sarufi hawezi kuisimamia mashine. Hawezi kujua kama imesema alichotaka kusema, au imeongeza, au imepunguza. Mkataba wa kazi, barua ya benki, maelezo ya dawa, hayo yote yatamfikia kwa Kiingereza, na atayajibu kwa maneno ya simu huku hajui kilichojibiwa. Naogopa kizazi cha namna hiyo kuliko ninavyoogopa matokeo mabaya ya mtihani.

Kuna jambo lazima nilitaje ingawa litawaudhi baadhi ya wakuu wa shule. Kazi yote niliyoieleza hapa, ya kukata “analima” vipande na kuhesabu mama ametajwa mara ngapi, inafanyika kwa Kiswahili. Kuna shule ambako mtoto akisikika akisema Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, au anafagia uwanja. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu: tume iliyoongozwa na Jackson Makweta mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari, pendekezo halikutekelezwa, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakipa Kiswahili nafasi ya kufundishia ngazi zote bila kukiondoa Kiingereza. Sitaumaliza mjadala huo leo. Nasema tu kuhusu mtoto niliye naye darasani sasa: alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho taa aliyokuja nayo. Ukimzimia taa hiyo mlangoni, ukampa kishikwambi cha bei yoyote ile, bado umemweka gizani.

Na vifaa tuvitazame kwa macho ya kweli. Kishikwambi kimoja, projekta moja, kompyuta sita na shuka jeupe vinatosha kuanzia. Umeme ukikatika Ijumaa, nanakili sentensi zile ubaoni kwa chaki, na somo linaendelea. Bando nanunua mwenyewe, na ndiyo sababu mambo mengi nayafanya bila intaneti. Nikisikia mipango ya kumpa kila mtoto kifaa chake, nauliza kwanza: ataandika kurasa ngapi kwa wiki kwa mkono wake, na nani atazisoma? Hilo likikosa jibu, fedha hizo afadhali ziajiri walimu wa Kiingereza, mikondo yangu ishuke kutoka watoto 80 hadi 40.

Kwa Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu Tanzania, ombi langu ni dogo. Tuandalieni mkusanyo wa makosa halisi ya watoto wanaotoka Kiswahili kwenda Kiingereza, wenye maelezo kwa Kiswahili, uwekwe kwenye maktaba ya mtandaoni ambako walimu tayari tunapakua vitabu. Kila mwalimu wa Kiingereza nchini anayo makosa hayo kwenye madaftari yake. Hakuna aliyetuomba tuyakusanye. Na katika mafunzo ya walimu kazini, mtufundishe kutumia vishikwambi hivi kusomea kazi za watoto, pamoja na kuandalia masomo.

Kwa walimu wenzangu: msiwapokonye watoto insha zilizoandikwa na simu na kuzichana. Waiteni, waulizeni neno moja, kisha wapeni karatasi tupu.

Na wewe mzazi unayesoma gazeti hili, unayo simu ambayo mtoto wako ataiomba jioni afanyie kazi ya shule. Usimnyime. Mwambie akuletee kwanza ukurasa alioandika mwenyewe, kwa kalamu, na makosa yake yote. Ukishauona ukurasa huo, mpe simu.